Nilikiokota Kitambaa cha Njano

Admin, jina langu lifiche, na la kanisa letu usilitaje, maana Wakongo wa Durban tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na mitatu, nina mke na mabinti wawili, na kazi yangu ni kunyoa nywele katikati ya mji. Kuna jambo nimelibeba tangu mwishoni mwa miaka ya tisini. Hata mke wangu halijui.

Nilipofika hapa nikiwa kijana sikuwa na ndugu. Aliyenipokea ni mtu wa kwetu ambaye hadi leo namwita Grand, yaani kaka mkubwa, naye ananiita Petit, mdogo wake. Alikuwa akilinda magari ya watu kando ya ufuo. Chumba chake kilikuwa kimoja, yeye na mkewe, na bado walinitandikia godoro nikalala miezi minane. Hawakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini.

Miaka ile mmisionari mmoja Mmarekani alituletea mchezo wa kwao, ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa kofia ngumu na kugongana kama mabeberu. Tulifanyia mazoezi uwanja mmoja wa Sydenham, na Grand akawa nahodha. Mimi nilikuwa mwembamba, upepo tu ungeniangusha, lakini Kiingereza nilikijua kuliko wenzangu, basi mmisionari akanifundisha uamuzi. Akanipa filimbi, shati la mistari, na kitambaa cha njano cha kurusha chini nikiona kosa. Jamani, mjini nilikuwa mtu wa kuja tu, nasukumwa kila foleni. Lakini Jumamosi nikipuliza filimbi wanaume ishirini na wawili wanasimama! Nilikipenda kile kitambaa kupita kiasi.

Pia mimi ndiye niliyewatafsiria wachezaji kanuni. Kulikuwa na moja mmisionari aliirudia mara tatu: mchezaji akiinamisha kichwa akamgonga mwenzake kwa utosi wa kofia, rusha kitambaa, na ukiona amekusudia, mtoe uwanjani. "Si kwa ajili ya anayegongwa tu," aliniambia huku ameshika shingo yake mwenyewe. "Anayegonga ndiye anayevunjika hapa."

Nikaenda kwa wenzangu nikawaambia kwamba ukigonga kwa kichwa, timu inarudishwa nyuma yadi kumi na tano. Basi. La shingo nililimeza. Wachezaji wenyewe tulikuwa tunawaokoteza, wake zao walishaanza kunung'unika, na wangesikia habari ya shingo wangerudi zao kwenye soka. Na mimi ningerudi kuwa kinyozi siku zote saba. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Siku ya mechi na vijana wa viwandani wa Pinetown mmisionari alikuwa safarini, nikachezesha peke yangu. Kipindi cha kwanza Grand aliinamisha kichwa akamvamia mtu wao kama fahali. Nikarusha kitambaa. Alikusudia, kila mtu aliona. Akanijia anacheka, akaniwekea mkono begani.

"Petit, ni nini sasa? Madame iko pale anaangalia. Utanitia haya mbele yake? Okota iyo kitambaa. Ni yadi tu."

Kwetu mtu aliyekupokea ugenini humkatalii mbele za watu. Unamfuata nyumbani, mnakula, ndipo unamweleza taratibu. Nikajiambia nitamweleza nyumbani. Nikainama, nikakiokota kitambaa, nikapunga mikono kuonyesha hakuna kosa. Nahodha wa Pinetown alinifokea kwa Kizulu hadi mate yakamtoka. Watu wetu walishangilia, na madame, yaani mkewe, akanipigia makofi mimi.

Kipindi cha pili Grand akainamisha kichwa tena, akamvamia mwingine. Wa Pinetown aliinuka, akajipangusa nyasi. Grand hakuinuka. Nilipopiga magoti karibu naye alikuwa macho kabisa.

"Petit," aliniuliza, "miguu yangu iko wapi?"

Tangu siku ile yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mikono yake inafanya kazi nusu, na godoro sasa ninamtandikia mimi. Kila Jumapili namwogesha, namnyoa, namwingiza kwenye taxi twende kanisani. Kisogoni ana kovu la upasuaji, refu kama kidole changu, na mashine yangu inalipitia kila wiki. Watu wananisifu. Madame husema mimi ni ndugu waliyepewa na Mungu. Nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze.

Na yeye hana hasira na mtu. Hilo ndilo linaloniua. Mwaka huu figo zimeanza kumsumbua na daktari hana maneno mazuri, kwa hiyo anaongea sana mambo ya zamani. Jumapili iliyopita nikiwa namnyoa alisema, "Unajua nini ilinisaidia kuishi, Petit? Ni kwamba hatukujua. Mimi na wewe, hatukujua kama ile mchezo inaweza vunja mtu shingo. Kama ingekuwa iko mtu alijua na akanyamaza, eish, ningekufa na uchungu zamani."

Nikaizima mashine. Akauliza kama nimechoka. Nikasema ndiyo, nimechoka.

Sasa anataka mwezi ujao nisimame kanisani nitoe ushuhuda wa undugu wetu, yeye akiwa bado anasikia. Nikisema kweli, namnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, na siku zake zenyewe zinahesabika. Nikinyamaza, atazikwa akiniombea baraka. Na kama ningemwambia siku ile ile, pale pale uwanjani, maneno matano tu, angekuwa anatembea.

Msiniambie niombe, nimeomba miaka yote hii. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Jumapili namnyoa tena.