Maternite Upande Huu wa Barabara

Siku yangu ya kwanza kama administrateri, mmoja wa wakurugenzi wa kampuni ya shaba, hapa Lubumbashi, mlinzi wa mlango alinionyesha kiti cha pembeni.

"Mama, sekretere anaikalaka apa."

Nilimshukuru, nikaenda kukaa mezani. Wanaume saba walinigeukia. Meza ile ni ya konsei, baraza linaloamua mambo makubwa ya kampuni, na mwanamke hakuwa amewahi kukaa pale. Mimi nilikuwa nimetumika miaka mingi kama ajenti wa sosiali, mtu wa ustawi wa jamii, nikitembea vijiji vinavyozunguka mgodi. Sikuogopa.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kaye de sharji, mapatano ambamo kampuni inaandika itakachowajengea wanakijiji. Mwaka ule waliandika uwanja wa mpira, na mkuu wa kijiji alikuwa ameshatia sahihi.

"Nani aliuliza bamama?" nikasema.

Prezida wa konsei, mzee mpole, alifunga kalamu yake. "Mama Béatrice, chef wa mugini alishasinye. Tuendelee tu."

"Prezida, chef habebaka mimba."

Nilikataa kutia sahihi, nikaomba wiki mbili, na nikamwomba prezida mwenyewe anifuate kijijini. Kwa bahati alikubali.

Tulimkuta Mama Ngoie, mkulima wa pale, shambani, akipalilia mahindi. Maternite, nyumba ya kujifungulia, ilikuwa ng'ambo ya barabara ya malori yetu. Prezida akamwuliza kama uwanja unampendeza.

"Uwanja iko muzuri, papa. Lakini binti yangu alizalia pa kando ya barabara, tukingoja malori ipite. Mutoto hakulia."

Prezida alivua kofia yake ya mgodi, malori yakipita.

Katika mkutano uliofuata, yeye mwenyewe alifuta uwanja kwenye karatasi. Maternite ilijengwa upande wa kijiji, na bamama watatu walitia sahihi kando ya chef. Ninyi wajumbe wapya mnaoanza kazi hii ya konsei leo, kumbukeni: tulichojifunza pale shambani hakikuwa katika ripoti yoyote.

Nilikaa mezani pale hadi pansheni. Siku ya mwisho tulikuwa wanawake wanne. Nilitoa pendekezo la kusomesha wasichana wa vijijini ufundi mjini. Mmoja wao, Enjenia Clarisse, mdogo kuliko wote, akainua mkono kunipinga.

"Mama, niko contre. Shule ijengwe kule kule kwao."

Tulipiga kura. Alinishinda kwa somo langu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikiimba.