Kiti cha Chama cha Pili

Bi Arlys Vondracek amekalia kiti cha chama kisicho chake kwa miaka thelathini na miwili. Hapa Halsted Fork, Nebraska, kila mtu anajua, na hakuna anayecheka tena. Sheria inataka meza ya kupigia kura ikaliwe na watu wa vyama viwili, na sisi huku, ukihesabu hadi ng'ombe, ni wa chama kimoja. Basi Bi Arlys alikwenda wilayani akajiandikisha kwa wale wengine. Asingefanya hivyo, kituo kingefungwa, na kura tungeifuata maili hamsini na tatu.

Mwaka huu alisema amechoka. Ana miaka sabini na mmoja na magoti yamevimba.

"Leo ndiyo mwisho, mwanangu," aliniambia mimi, ninayekalia kiti cha chama chetu, asubuhi tukipanga karatasi za kura. Gari la zimamoto lilikuwa limetolewa nje ili tupate nafasi ya kituo bandani mwake. Binti yangu Josie, wa miezi mitano, alikuwa amelala kwenye kapu chini ya meza. "Asipopatikana mwingine, wafunge tu."

Karatasi ilikuwa ndefu. Mbele gavana, katibu wa jimbo, mweka hazina, mwanasheria mkuu, mkaguzi wa hesabu. Nyuma maswali sita ya kujibu ndiyo au hapana, yameandikwa kisheria hivi kwamba mtu husoma mara tatu na bado hajui akikubali anakataa nini. Watu walitoka kwenye vibanda wakisugua macho.

"Bi Arlys, hili la nne, nikisema ndiyo ni hapana, au vipi?"

"Siruhusiwi kukwambia. Na hata ningeruhusiwa, mimi mwenyewe sijui."

Saa nane mchana akaingia Dell, mdogo wake Bi Arlys. Nikainamisha macho. Miaka minne iliyopita Dell aligombea udiwani wa wilaya. Huku kwetu, anayeshinda kura za mchujo za chama chetu ndiye kashinda yote, na Dell alishindwa kwa kura nne. Katika mchujo kila chama kina karatasi yake; Bi Arlys, kwa kuwa yumo kwenye daftari la wale wengine, siku ile alipewa karatasi ya wale wengine. Tangu hapo Dell hakai naye meza moja, hata Krismasi.

Sasa macho yake yameharibika. Alisimama mbele yangu kana kwamba kiti cha pili ni kitupu.

"Nisomee wewe, binti."

"Siwezi peke yangu, Mzee Dell. Msaada ni wa watu wawili, mmoja wa kila chama."

"Basi nitafutie mwingine wa upande ule."

"Mtafute mwenyewe," alisema Bi Arlys. "Ukimpata, mpe na kiti changu."

Tukaingia kibandani watatu, tumebanana. Bi Arlys alisoma kwa sauti isiyoegemea popote, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Dell alijibu, mimi nikajaza viduara. Alichojibu ni siri yake. Baada ya swali la tano Bi Arlys akashika ukingo wa kibanda.

"Umechoka," Dell alisema.

"Nimechoka."

"Hukunipigia kura, Arlys."

"Jina lako halikuwa kwenye karatasi yangu."

"Ungerudi chama chetu wiki mbili tu!"

"Na hapa angekaa nani? Wangefunga siku ile ile. Leo ungefikaje mjini na macho hayo, ungepanda ng'ombe?"

Dell aliisukuma karatasi kuelekea kwa dada yake.

"Soma la sita," alisema.

Alipomaliza alisimama mlangoni. "Na mwaka mwingine nani atanisomea?" aliuliza, hata sijui alikuwa akimuuliza nani. Akapapasa sinia letu la chakula karibu na mlango, akachukua mkate mmoja wa nyama na kabichi, wa mkono wa dada yake, akatoka.

Jioni tulipofunga mlango nilichukua fomu ya kubadili chama. Wa chama chetu wapo tele, kiti changu hakitakosa mtu. Bi Arlys alikuwa anambembeleza Josie.

"Iache hiyo. Mumeo atasema nini?"

"Atasema aliyosema wako."

"Wangu alilala sebuleni wiki nzima." Akanitazama. "Una kaka?"

"Wawili."

"Waulize kwanza kama wana nia ya kugombea."

Nikaandika jina langu. Hakunishukuru. Alizunguka meza polepole, akakaa kwenye kiti changu, Josie kifuani, akafumba macho. Nikahesabu karatasi sitini na moja, nikazihesabu tena, nikazipanga sandukuni. Nilimwamsha tu pale sanduku lilipohitaji sahihi ya chama cha pili.