Dume la Mama Noela

Usiku ule Paskalia hakupata usingizi. Kila bodaboda iliyopita barabara ya Nyarugusu ilimkalisha kitako kitandani, akidhani ni bwana mifugo analeta majibu ya maabara. Nguruwe wake wote sita walikwisha kufukiwa, kwa hiyo si wao aliowahofia. Alihofia kujulikana.

Paskalia ni mpishi wa wachimbaji. Kwa miaka kumi na minne amesonga ugali pembeni ya maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, na makombo akawalisha nguruwe. Nguruwe hao ndio waliomsomesha mwanawe, Enock, hadi kidato cha nne. Mwezi uliopita wawindaji walimletea paja la nguruwe pori. Aliliosha, akalipika, na yale maji yenye damu akayamwaga kwenye pumba za mifugo yake. Kwao kutupa kitu kinacholika ni aibu.

Siku hizo dume la jirani yake, Bernadina, yaani Mama Noela, lilikuwa bandani kwake, limeazimwa kupanda jike lake. Dume haliazimwi kwa fedha. Hurudishwa na mzigo wa majani ya viazi, na jike likizaa, mwenye dume huchagua mtoto wa kwanza. Siku ya tano baada ya maji yale, jike liligoma kula, masikio yakawa ya zambarau. Paskalia aliona. Alikata majani ya viazi mzigo mkubwa kuliko desturi, akalirudisha dume jioni ileile, akashukuru huku anacheka.

Bernadina alipoteza nguruwe kumi na mmoja. Lawama zote zikamwangukia shemeji yake, Kalisti, aliyekuwa amekuja kutoka Kagongwa na kitoweo cha nguruwe kwenye ndoo. Bernadina alimfukuza mbele za watu. Paskalia alikuwepo, ameziba mdomo kwa khanga, na watu walidhani ni huruma.

Asubuhi Salmini, bwana mifugo, alifika.

"Shikamoo, Mama Enock."

"Marahaba. Wewe mwenyewe nyama hii huigusi, lakini nguruwe unawajua kuliko sisi walaji!"

"Ndiyo maana wananipenda," alijibu Salmini, kisha akaacha kutabasamu. "Ni homa ya nguruwe, mama. Na wako walikuwa na virusi viwili. Kile cha kwanza hakina haraka ya kuua, kazi yake ni kuichosha kinga ya mwili. Wale watoto wa nguruwe waliokonda, ukaniambia ni minyoo? Ndicho hicho. Cha pili, hiki cha homa, kilipoingia, kikakuta askari hoi."

"Kimetoka wapi hicho cha pili?"

"Nguruwe pori hutembea nacho na hafi. Mwili wake umeshazoeana nacho tangu enzi za mababu zake. Wa kufugwa hana kinga hiyo." Alimtazama. "Nyama ya porini imeingia hapa?"

"Watu wanasema Kalisti..." Aliitazama sufuria yake kubwa, imeoshwa ikang'aa. "Maji ya kuoshea. Niliwapa mimi."

Salmini alifunga daftari taratibu. "Ripoti nitaandika mimi. Jirani yako utamwambia wewe."

Haukuwa mwendo mrefu hadi kwa Bernadina, ila siku hiyo Paskalia alisimama mara tatu njiani, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji.

"Mwangaluka, Mama Noela," aliamkia kizingitini.

Ndani, ufagio ulinyamaza. "Mama Enock? Si upite, mlango umerudishwa tu!"

"Sipiti. Nisikilize kwanza nikiwa hapahapa nje."

Akasema yote. Paja, maji, masikio ya zambarau, mzigo wa majani. Hakusema hakujua, maana la masikio alilijua.

Akasikia nyayo zikija mpaka nyuma ya mbao, zikasimama. Komeo likasukumwa, taratibu, hadi mwisho.

Paskalia hakuondoka. Alikuwa bado amekodolea macho ule mlango uliokomewa aliposikia sauti ya Bernadina ndani, imekauka, ikiongea kwenye simu:

"Shemeji Kalisti? Ni mimi. Nakuomba usikate."