Mfuko wa Bastola ya Mzee Duarte

Ile siku naikumbuka kuliko hata harusi yangu, mwanangu, na harusini nilikula pilau mpaka wakwe wakaanza kuficha sinia. Keti kwanza. Nimesikia unataka kununua kibastola cha zamani cha kukukinga usiku ukitoka kazini lindoni, kwa jamaa mmoja kule Newtown, eti kizuri, kinaingia mfukoni, na hakina makaratasi ya kusumbua. Kabla hujaenda, nisikilize.

Enzi hizo nilikuwa kijana, nimetoka Tanga juzijuzi, nashona nguo kwa Papa Ilunga hapahapa mtaani Yeoville. Papa alikuwa fundi wa Lubumbashi, mnene, akikaa kwenye cherehani mtaa mzima unainamia upande wake. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuuvunja hata kwa mchungaji wa kanisa lake. Hakati mfuko mpaka kile kitakachoingia mfukoni kiwekwe mezani. Unataka mfuko wa Biblia, lete Biblia. Wa miwani, lete miwani. Akione kinavyoingia, akione kinavyotoka.

Basi akaja Mzee Duarte, Mreno aliyestaafu kutengeneza saa, anakaa peke yake mtaa wa Observatory kule mlimani. Mzee yule alikuwa na ugonjwa wa kukusanya bastola ndogo za kizamani. Zote zina leseni, kila moja na yake, zimelala kwenye kasha la chuma, zimefungwa flana kama watoto wachanga. Nyingine ndogo, nakuapia, ukipiga chafya huioni tena. Akianza kukueleza hii ilibebwa na mabibi kwenye mikoba, ile na wacheza karata, chai inapoa, unachemsha nyingine, nayo inapoa.

Sasa, wezi walikuwa wameingia kwa jirani yake wakamfunga kamba. Binti yake Mzee akaja juu, uza nyumba uhamie kwangu. Mzee akakataa katakata. Nyumba ile ndimo alimomlea huyo binti, ndimo alimomuuguza mkewe, haiachi. Ila atatembea na bastola. Akachagua ile anayoipenda kuliko zote, ya silinda ya kuzunguka, mpini wa pembe, akaiweka mezani kwetu haina risasi, akataka mfuko ndani ya kizibao.

Mimi na mdomo wangu nikadakia, "Babu, chuma ni chuma! Mwizi akiiona hiyo anakimbia mpaka Durban, na hata taa ya robot ikiwa nyekundu hasimami!" Nikashika mkasi.

Papa akaninyang'anya. "Weye mutoto, acha. Mzee, kintu nimeona. Kazi yake sijaona. Unataka itoke mu mfuko siku ya matata, ao ilale mule tu?"

Mzee akawaka. "Wewe fundi au polisi?"

"Mi fundi wa mifuko. Mfuko yangu ikikuua, ni jina yangu watasema."

Jumamosi tukaenda wote watatu uwanja wa shabaha. Papa alikuwa amepiga bandi, mshono wa muda tu, mfuko wa majaribio. Msimamizi akasema Mzee aanze bila risasi, avute tu. Akavuta. Ile nyundo ya bastola ikanasa kwenye bitana. Akavuta kwa hasira, kizibao kizima kikapanda mpaka masikioni, akawa kama kobe anayerudi ndani. Tukacheka mpaka wapigaji wengine wakasimamisha kazi. Hata yeye alicheka.

Wakatia risasi sasa. Mzee akalenga karatasi, akabonyeza. Tak. Kimya. Tena. Tak. Ya tatu ikalia, paa! Karatasi haikupata hata mkwaruzo. Msimamizi akasema springi imechoka kwa uzee, haigongi vizuri. Hapo Mzee hakucheka. Aliitazama ile bastola kama mtu aliyegundua rafiki yake wa miaka yote humsengenya.

Kwenye teksi Papa akanigeukia. "Na weye na mukasi yako! Ungemushonea mzee wa watu jeneza yenye bitana muzuri."

Nikageukia dirishani, nikajifanya nahesabu nguzo za umeme.

Mzee Duarte akasema neno moja tu. "Sihami." Ile ya pembe akairudisha kwenye flana yake. Akaomba leseni ya bastola ya kisasa, ndogo vilevile, akasubiri mpaka ikatoka. Akafundishwa upya kama mtoto wa shule. Kila Jumamosi uwanjani, mvua, baridi, goti linauma, yupo. Akaweka geti la chuma kwenye korido. Papa akamshonea mfuko wa ngozi ngumu unaofunika kifyatulio, na akamkataza kutia humo hata ufunguo.

Wezi wakaja kweli, mchana kweupe. Walivunja mlango wa jikoni, wakakutana na lile geti. Nyuma yake wakasikia sauti imetulia kama ya muuza mkate. "Nina bastola, najua kuitumia, na polisi nimeshawaita." Wakatoka mbio. Mzee hakufyatua hata risasi moja, na binti yake hakutaja tena habari ya kuuza nyumba.

Kwa hiyo, mwanangu, ukivipenda vya zamani, vipende. Vikusanye, vipanguse, vichukulie leseni, vifungie. Na kweli kidogo kina faida yake, maana kikubwa utakiacha nyumbani. Lakini roho yako usiikabidhi kitu kwa sababu kinapendeza. Kijaribu wakati wa amani mpaka mkono uchoke, na kama kinakataa, kiwe cha kutazama. Cha huyo jamaa wa Newtown kisicho na makaratasi usikiguse, kitakufunga jela kabla hakijakukinga na mtu. Nenda kajifunze, omba leseni, subiri. Ukiweza kukimbia, kimbia, mimi sitakucheka.

Mola akufunike njiani ukitoka lindoni. Akupe mkono usiotetemeka, na moyo usiotamani kuutumia. Ufike kwako kila siku, mkeo akugombeze chakula kimepoa, na ugombezwe hivyo mpaka uzeeke.