Mikono ya Baba na Mabati ya Alumini

Nikivunja yai, harufu ya ute mbichi hunirudisha Voi, kwenye kiwanda cha chapa karibu na reli, alikofanya kazi baba miaka ya hamsini. Mwanzoni mabati ya kuchapia yalikuwa ya zinki, mazito. Yalipokuja ya alumini, baba aliyabeba kama sahani, lakini kazi ilibaki ileile. Bati lililazwa ndani ya sinia kubwa pamoja na mchanga, maji na gololi, na mashine ikalitikisa asubuhi nzima mpaka uso wake ukakwaruzika, upate kushika maji yanayofukuza wino pasipo maandishi. Kisha baba alilipaka ute wa mayai uliochanganywa na dawa ya rangi ya chungwa, kwa mikono mitupu. Viini tulikula sisi. Wenzangu, kijijini kwetu Ronge, kule mlimani, hakuna watoto walioshiba viini kama sisi!

Dawa nayo ilikula. Ilitoboa vidole vya baba vishimo vya mviringo, kama vilivyochomwa kwa msumari wa moto.

Siku wakwe walipopanda kwetu na mbuzi wa mahari kukamilisha posa ya dada yangu Mkamburi, baba alijaza kibuyu cha mbangara, pombe yetu ya miwa. Kwetu kibuyu hicho kilitoka mkononi mwa baba mzazi, na mgeni alikinywa kabla ya neno lolote. Mjomba wa bwana harusi hakukipokea. Alivitazama vidole.

"Mkwe, vinauma?"

"Haviumi hata kidogo," baba akajibu kwa fahari.

"Basi ndio huo. Ukoma hauumi."

"Ni dawa ya kazi!"

"Dawa gani inatoboa watu? Jamani, swageni mbuzi wetu kabla hawajapukutika kwato."

Wakacheka mpaka bondeni, na mbuzi mbele yao.

Baba alishuka Voi kumsihi mwenye kiwanda aje aseme ukweli. Alimkuta akifungua sanduku la ng'ambo: mabati ya alumini yaliyokwisha kukwaruzwa na kupakwa dawa hukohuko yalikotengenezwa.

"Kazi yangu haijamdhuru mtu," mwenye kiwanda alisema. "Na kesho usije."

Bila dawa, vidole vikapona. Vishimo vikajifunga vyote, lakini yule bwana harusi alikuwa ameshaoa msichana mwingine huko Mwatate. Baba alimnyooshea Mkamburi mikono yake safi, akitabasamu. Dada akaitazama, akatoka nje.

Nilidhani bado anaogopa kuambukizwa. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa: angalikuwa na baba mkoma, angalau angaliachwa kwa sababu ya kweli.