Mzinga wa Baba Pacha

Wapo watu wanaoamini kwamba kitu kikikataa kufunguka kwenye kompyuta mpya, basi kimekufa, na maiti ni ya kuzikwa. Mama Pacha si mmoja wao. Yeye ni fundi mitambo katika kituo cha redio, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba, na vijana wa zamu amewazoesha msemo wake: mashine haifi, huuawa na wavivu. Ni maneno makali, lakini anayeyasema hajawahi kuchelewa kazini, kwa hiyo ana haki nayo.

Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mwalimu wa fizikia. Zamani, binti zao mapacha walipokuwa bado wanatambaa, alitunga programu ya kompyuta inayotoa sauti za muziki. Si kinanda cha kushikika. Ni hesabu tupu zinazogeuka kuwa sauti. Programu ya namna hiyo haiishi peke yake. Hukaa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, kama mpangaji anavyokaa katika nyumba ya mtu, na wenye kazi yao huiita programu jalizi. Baba Pacha aliipa jina la Mzinga, kwa sababu noti zake za chini zilivuma kama nyuki wanaorudi nyumbani jioni. Aliigawa bure kwa kila mwanamuziki aliyeiomba. Nyimbo nyingi zilizochezwa harusini na redioni miaka ile zilikuwa na mvumo huo, na wachache sana walijua umetoka wapi.

Kisha kiharusi kikampiga. Kikamnyang'anya mkono wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Akili hakikuigusa. Anayedhani kwamba asiyesema hafikiri ana kosa kubwa, na hilo ndilo kosa lililokaribia kutendeka katika habari hii.

Mwimbaji mmoja, anayejulikana mjini kwa jina la Kasuku, alipata umaarufu kwa wimbo uliojengwa juu ya Mzinga. Baada ya kukaa kimya muda mrefu aliamua kurudi jukwaani kwa onyesho kubwa, na wimbo huo ndio ungekuwa kilele. Alikuja mwenyewe nyumbani kumwalika Baba Pacha. Alimwahidi kumsimamisha mbele ya umati na kusema: huyu ndiye aliyeitengeneza sauti mnayoisikia. Tangu siku hiyo mgonjwa alibadilika. Mtu aliyekuwa akigombana na wembe sasa alidai kunyolewa. Mazoezi ya kutembea, ambayo mkewe alikuwa akimbembeleza kama mtoto anayekataa uji, aliyaanza mwenyewe, kutoka kochi hadi mlangoni na kurudi, akinung'unika na kutokwa jasho.

Shida ikazuka studio. Mwenye studio, kijana nadhifu anayependa vitu vipya, alikuwa amebadilisha kompyuta zote. Walipoufungua wimbo wa Kasuku ili kuutayarisha, kila kitu kilikuwepo isipokuwa Mzinga. Mahali pake palikuwa na kisanduku cha kijivu, kitupu. Kompyuta mpya hazikuielewa tena lugha ya programu za zamani. Mwenye nyumba alikuwa amebadilisha kufuli, na mpangaji alibaki nje na ufunguo usioingia.

Mwenye studio hakuona sababu ya kuhangaika. Alichukua ala mpya ya kompyuta, akaichezea mpaka ikatoa mvumo wa kufanana, halafu akamwita Mama Pacha ausikilize. Ulifanana na Mzinga kama mtu anavyofanana na picha yake ya kitambulisho.

"Tutaweka huu," alisema. "Mzee tutamwambia ni Mzinga. Atafurahi, mama. Kwa hali aliyonayo hataijua tofauti."

"Na akiijua?"

"Sasa atamwambia nani?"

Alisema kwa upole, bila ubaya moyoni, na ndiyo maana lilikuwa jambo baya zaidi. Uongo wa huruma ni uongo uliofuliwa na kupigwa pasi. Kumpandisha mtu jukwaani apigiwe makofi kwa kazi isiyo yake, huku waliompandisha wanajua na yeye hajui, si kumheshimu. Ni kumfanya sanamu ya maonyesho. Kasuku, aliyekuwa ameketi pembeni, alikuwa akiangalia viatu vyake, na Mama Pacha alimgeukia yeye.

"Shemeji, siku utakayompandisha mume wangu na Mzinga wa bandia, na mimi nitapanda. Kuwasha kipaza sauti najua."

Kasuku alicheka, lakini kwa kicheko cha mtu anayetafuta mlango. Wakakubaliana hivi: Mama Pacha ajaribu kuufufua Mzinga kabla ya mazoezi ya mwisho. Akishindwa, watatumia ule wa kufanana, na Baba Pacha ataambiwa ukweli, aamue mwenyewe kama atakuja. Mama Pacha alijua angeamua nini. Angevua viatu arudi kitandani, na safari hii hakuna ambaye angemwinua.

Akaomba likizo. Akahamishia kazi kwenye meza ya kulia chakula. Msimbo wa Mzinga, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyafuata, ulikuwepo wote katika kompyuta yao kuukuu, maana Baba Pacha hakuwa mtu wa kupoteza vitu. Lakini sehemu kubwa yake iliegemea vitu ambavyo havipo tena duniani. Ilikuwa kama chumba kilichojengwa kwa kuegemea ukuta wa jirani, halafu jirani akabomoa ukuta wake. Ilimbidi mama wa watu ajenge ukuta mpya kipande kwa kipande: sehemu ya kuchora dirisha kwenye kioo cha kompyuta, sehemu ya kupokea noti, sehemu ya kuongea na mwenye nyumba mpya.

Baba Pacha alikaa pembeni yake. Walikuwa na utaratibu wao. Mke alisoma kifungu kwa sauti, akauliza. Mume alijibu kwa kugonga meza kwa mkono wa kushoto. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mkewe akianza kusema upuuzi, alipiga meza kwa vidole vyote kama mvua ya mawe. Mama Pacha anasema katika ndoa yao yote hawakuwahi kubishana vizuri namna ile.

Mchana mmoja Mzinga ukafunguka. Alibonyeza noti ya chini, na mvumo ukajaa mpaka jikoni, vikombe vikatetemeka kabatini. Baba Pacha alifumba macho, akayaweka hivyo muda mrefu.

Hapo ndipo Mama Pacha alipokosea, na alikosea kwa sababu ya tabia njema. Ni mtu wa mpangilio. Hata vijiko vyake hulala kwa ukubwa. Mzinga una safu ya nobu za kuzungusha zilizochorwa kwenye kioo: ya kwanza ya kuongeza na kupunguza sauti, ya pili ya kuifanya iwe kali au nzito, na nyingine kadhaa. Wanamuziki walikuwa wamelalamika miaka mingi kwamba hakuna nobu ya mwangwi. Akaiongeza. Na kwa kuwa mwangwi ni jirani wa sauti, akaiweka nafasi ya pili, palipostahili kabisa kwa macho. Safu ikapendeza. Akajaribu noti zote, zikaimba. Akapiga pasi gauni, akaenda studio.

Wimbo ulifunguliwa, na kile kisanduku cha kijivu hakikuwepo tena. Mzinga ulikuwa umekaa mahali pake. Kasuku alipiga kofi kwa furaha. Kisha mwenye studio akaucheza wimbo, na ubeti wa kwanza ukaanza na yowe. Pale mvumo ulipotakiwa kushuka taratibu, ulipiga kelele kama filimbi ya birika. Ulipotakiwa kulainika, ndipo uliponguruma.

"Mama," mwenye studio alisema, "nyuki wametoka."

Wapiga ala wakacheka. Hata yeye angecheka, kama si machozi yaliyokuwa karibu. Kasuku hakucheka. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba mazoezi ya mwisho ni kesho asubuhi.

Mtu dhaifu angerudi nyumbani na kusema mambo ni shwari. Mama Pacha alimchezea mumewe aibu yote aliyoirekodi kwa simu, kuanzia yowe hadi vicheko. Baba Pacha alisikiliza, akaonyesha ishara irudiwe. Mkewe, kwa hasira, alianza kusema kwamba hesabu za kuchuja sauti zimeharibika, kwamba itabidi kuzipitia zote upya, kwamba pengine huyo kijana wa studio ndiye aliyebonyeza vibaya. Mvua ya mawe ikanyesha mezani. Akanyamaza.

Baba Pacha aliinama mbele, akaweka kidole kwenye nobu ya mwangwi.

"Mgeni," alisema.

"Ndiyo, mgeni. Nimeiongeza mimi. Watu wenyewe si waliiomba?"

Akagonga mara mbili. Kidole kikaondoka pale polepole, kikazipita nobu zote mpaka ukingoni mwa kioo.

"Mgeni... nyuma."

Mama Pacha alijipiga kiganja kwenye paji la uso. Wimbo wa zamani haukumbuki nobu kwa jina. Hukumbuka kwa nafasi: wa kwanza afanye hivi, wa pili afanye vile. Alipomchomeka mgeni nafasi ya pili, wenyeji wote wa nyuma yake walisogezwa, na kila agizo lao likamwangukia asiyehusika. Anayejua foleni ya hospitali ataelewa. Mmoja akichomekea, aliyevunjika mguu anang'olewa jino.

Adabu haina sura mbili, ya watu na ya mashine. Anayekuja baadaye hukaa nyuma, hata akiwa mzuri, hata akiwa ameombwa. Alimtoa mgeni, akampeleka mwisho wa safu, akaujenga Mzinga upya.

"Kumbe niliolewa na msimamizi wa foleni," alimwambia mumewe.

Baba Pacha akagonga mara moja.

Kesho yake walikwenda studio wote wawili. Mvumo uliingia kwa wakati wake, ukashuka, ukatulia, na Kasuku akajikuta anaimba kabla hajaambiwa. Lakini mwenye studio, na tumtendee haki, ni mtu makini. Alitaka uthibitisho. Alikuwa na rekodi ya zamani ya Mzinga peke yake. Akaiweka pamoja na ya Mzinga mpya, moja akaigeuza, ili inapopanda hii ile ishuke. Sauti mbili zikiwa sawasawa, humezana na kubaki kimya. Zikitofautiana, tofauti husikika.

Akacheza. Kimya kikatanda. Watu waliona mishale ya mashine ikicheza na hawakusikia wimbo. Chini kabisa kulibaki mchakacho mdogo, kama mvua kwenye bati la mbali, na mwenye studio akainua kidole.

"Kuna kilichobaki."

Mama Pacha alivaa miwani yake. Akaeleza kwamba hiyo ni pumzi ya Mzinga, sehemu ya kutoa mchakacho, ambayo kwa asili yake haitoi kitu kilekile mara mbili. Haiwezi kumezwa.

"Nimeona wiki hii jina alilolipa kwenye msimbo," aliongeza. "Ameiita mama mkwe. Maskini mama yangu."

Studio ikalipuka kwa kicheko. Baba Pacha alikuwa anaangalia dari kama mtu asiyejua lolote.

Vicheko vilipotulia, mwenye studio alivua vidude vya masikioni, akaenda akachuchumaa mbele ya kiti cha Baba Pacha. Alimwomba msamaha yeye mwenyewe, macho kwa macho, bila kumpitisha mkewe kama mkalimani. Aandikiwe hilo. Wanaokosea ni wengi. Wanaorudi ni wachache. Baba Pacha alimpa mkono wa kushoto, na hakuna aliyeona ni utovu wa adabu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mvumo ulipoanza, watu waliutambua kabla Kasuku hajafungua mdomo, wakasimama. Aliimba wimbo wote. Kisha akatimiza ahadi yake, akaeleza sauti ile ni ya nani. Baba Pacha alitoka pembeni na fimbo, akikataa kushikwa, kiatu kimoja kikiburuta, na makofi hayakupungua mpaka alipofika katikati. Kasuku alimsogezea kipaza sauti kwa heshima tu, bila kutarajia neno.

Baba Pacha alivuta pumzi. "Wangu," alisema. Akageuka polepole kuelekea pembeni ya jukwaa, ambako mkewe alikuwa amesimama kando ya kompyuta, akanyoosha mkono.

"Na wake."