Vilango vya Mpira vya Bartolomayo

Majirani wa Miyuji walipoliona kabati la Bartolomayo walidhani anatengeneza majiko ya gesi. "Mzee Barto, regyuleta yangu inavuja, njoo uitazame," walimtania. Zake hazikuwa za jikoni. Zilikuwa kumi na moja, za kuzamia, za kizamani: kopo la shaba linalokaa mgongoni juu ya mtungi wa hewa, na mipira miwili yenye mikunjo ikizunguka shingo hadi mdomoni, mmoja wa kuvuta pumzi, mwingine wa kuitoa. Alizikusanya katika miaka thelathini ya kukarabati malango ya mabwawa. Tangu astaafu, kila Jumamosi alizama nazo katika bwawa la Hombolo pamoja na Hamza, mwenzake wa kazi tangu ujana.

Regyuleta hizo zina ubaya mmoja. Kidude cha mdomoni kikichomoka, maji hujaa kwenye mipira, na anayekirudisha huvuta maji badala ya hewa. Dawa yake ni vilango viwili vya mpira, vidogo kama vifungo vya koti, ndani ya kidude hicho, vinavyozuia maji kuingia kwenye mipira. Bartolomayo alivikata kwa mkono wake. Januari moja, mpira laini ulitosha jozi moja tu. Akaitia kwenye regyuleta yake mwenyewe.

"Yangu umeitia vilango?" Hamza aliuliza Jumamosi hiyo ukingoni mwa bwawa, akijifunga mkanda wa uzito.

"Nimetia. Ingia bwana, leo unayaogopa maji?"

"Nakuogopa wewe fundi," Hamza akacheka, akaingia.

Bartolomayo angalisema kweli, wangaliahirisha wiki moja. Lakini aliona haya kuonekana fundi ambaye hajamaliza kazi. Mtu mzima hudhani uongo wa namna hiyo hauna uzito. Unao.

Maji ya mvua yalikuwa tope. Wavu uliotelekezwa ulikinasa kidude cha Hamza, kikamtoka mdomoni. Bartolomayo alipompapasa na kumfikia, Hamza alikuwa ametulia, hapumui. Watu walisema ni moyo, mzee yule. Bartolomayo akanyamaza.

Baada ya arobaini, Mwanasha, mjane wa Hamza, alikuja na regyuleta ameifunga kwenye kitenge.

"Shemeji, iweke na wenzake. Marehemu alikuwa akisema, hii haitakuwa na neno, Barto ataitia vilango."

Angeweza kuitundika kabatini, na hakuna ambaye angeifungua kamwe. Alichukua bisibisi. Akafungua ya Hamza mbele yake, kisha akaleta ya kwake, akaifungua pia.

"Hapa havipo," alisema. "Hapa vipo."

Mwanasha alitazama kidude kimoja, akatazama cha pili.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimetia."

Mwanasha hakulia. Alianza kukunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Siku arobaini nimemnunia marehemu," alisema. "Nikisema, alijua moyo wake mbovu akanificha. Nimemnunia mtu kaburini, Barto, naye hakunificha kitu."

Bartolomayo aliweka bisibisi chini.

"Kesho utakuja nyumbani, uwaambie wanangu. Kwa mdomo huohuo."

Alitoka bila kuaga. Asubuhi Bartolomayo alivitoa vile vilango viwili kwenye regyuleta yake, akavitia mfukoni mwa shati, akaenda.